Kiendelezi kimepakiwa, je, thredi ziko salama?

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinahusu viendelezi (vipande vya programu vinavyoongeza uwezo) vilivyoandikwa kwa lugha ya C ambavyo hugoma kuingia katika intapreta ya lugha ya skripti, yaani programu inayousoma na kuuendesha msimbo wa lugha kama PHP au Python, au huingia bila neno kisha huanza vituko pale kazi zinapokuwa nyingi kwa wakati mmoja. Tumechagua sita na kuzifupisha. Kwa msomaji asiyezoea msamiati huu, thredi ni njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba ndani ya mchakato mmoja na kutumia kumbukumbu moja ya pamoja, ilhali michakato miwili tofauti hutengewa na mfumo endeshi kila mmoja kumbukumbu yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatumia PHP 8.3 kwenye Windows pamoja na Apache. Nimepakua kiendelezi cha toleo hilohilo la 8.3, nimeliweka faili lake katika folda ya ext na kuongeza mstari wake katika php.ini. PHP inalalamika kwamba moduli haikupatikana, ilhali faili ninaliona kwa macho yangu. Tatizo liko wapi? (Mjenzi wa tovuti)

JIBU: Ndugu msomaji, Windows inaposema kwamba moduli haikupatikana, si lazima iwe inazungumzia faili uliloliandika katika php.ini, mara nyingi huwa inazungumzia faili jingine ambalo hilo la kwanza linalitegemea. PHP ya Windows hutolewa kwa sura mbili: TS, iliyojengwa ili ifanye kazi chini ya thredi nyingi, na NTS, iliyojengwa kwa kuchukulia kwamba kila mchakato utaendesha skripti moja tu kwa wakati mmoja. Kiini cha PHP 8 ya TS kimo katika faili liitwalo php8ts.dll, na kile cha NTS kimo katika php8.dll. Kiendelezi kilichojengwa kwa ajili ya NTS huitafuta php8.dll, hukosa kuiona, na Windows hurudisha jibu la jumla la kukosekana kwa moduli bila kutaja ni ipi. Dalili ulizozieleza zinalingana na hali hiyo. Apache ya Windows hutumikia maombi kwa thredi nyingi ndani ya mchakato mmoja, hivyo PHP inayopakiwa ndani yake kama moduli hulazimika kuwa TS, na yaelekea ulichopakua ni NTS.

Kulingana kwa namba ya toleo, 8.3 kwa 8.3, ni sharti moja tu kati ya manne. La pili ni hilo la TS na NTS. La tatu ni kompaila: PHP 8.3 ya Windows hujengwa kwa zana zinazotambulishwa kwa alama VS16, na 8.4 ikahamia VS17. La nne ni usanifu wa prosesa, yaani x86 au x64. Mafaili ya Windows yanayotolewa kupitia hazina ya PECL hubeba sifa hizo zote katika majina yake, ndiyo maana utaona jina likiishia kwa mfuatano kama 8.3-ts-vs16-x64, na mfuatano huo unastahili kusomwa kabla ya kubonyeza kitufe cha kupakua. Ili kujua PHP yako ni ipi, endesha phpinfo kupitia kivinjari, si kupitia mstari wa amri, kwa sababu kompyuta moja inaweza kuwa na PHP mbili zenye php.ini mbili, na ile inayojibu kwenye dirisha jeusi huenda si ile iliyomo ndani ya Apache. Tafuta mstari wa Thread Safety na ule wa PHP Extension Build, kwa 8.3 ya TS huo wa pili utasomeka API20230831,TS,VS16.

Iwapo kulikuwa na php8.dll ya usakinishaji mwingine mahali ambapo Windows huifikia, ungepata ujumbe tofauti kabisa: PHP ingekuambia kwamba utambulisho wa ujenzi wa kiendelezi ni huu, wa PHP yenyewe ni ule, na kwamba viwili hivyo havina budi kulingana. Kwa maoni yangu huo ni miongoni mwa ujumbe wa makosa wenye uungwana zaidi katika programu zote za seva, maana unataja pande zote mbili za ugomvi. Ugomvi wenyewe nao hausuluhishiki wakati wa kupakia. Katika NTS, hali yote ya intapreta (fankisheni inayoendeshwa sasa, jedwali la vigeu, makosa ya mwisho) hukaa katika miundo ya jumla ambayo kiendelezi huifikia moja kwa moja kwa jina. Katika TS kila thredi ina nakala yake ya miundo hiyo, na msimbo hulazimika kwanza kuuliza nakala yake iko wapi. Njia ipi itumike huamuliwa na makro wakati wa kukompaili. Baada ya hapo imeshachongwa ndani ya maelekezo ya mashine, na hakuna mpangilio wa php.ini unaoweza kuibadilisha.

SWALI: Kama TS ina ulinzi zaidi, kwa nini NTS isifutwe tukabaki na moja? (Mwanafunzi wa programu)

JIBU: Kwa sababu ulinzi huo una gharama, na watumiaji wengi wa PHP hawauhitaji. PHP-FPM, ambayo imo ndani ya PHP rasmi tangu toleo la 5.3.3 la mwaka 2010, huendesha kundi la michakato na kila mchakato hushughulikia ombi moja kwa wakati mmoja. IIS, seva ya tovuti ya Microsoft, kupitia FastCGI hufanya vivyo hivyo. Pasipo thredi mbili ndani ya mchakato, kulinda thredi zisigongane ni kulipia bure. Gharama yenyewe imepungua sana. Kabla ya PHP 7, pointa (anwani ya kumbukumbu) ya hali ya thredi ilipitishwa kama hoja ya ziada kutoka fankisheni moja hadi nyingine, na wasomaji waliowahi kuchungulia msimbo wa PHP 5 watakumbuka jinsi TSRMLS_CC ilivyotapakaa kila ukurasa. PHP 7 iliiondoa desturi hiyo na kuhifadhi pointa katika eneo la kumbukumbu ambalo mfumo endeshi huitengea kila thredi.

Kwenye Linux, ukijaribu kuweka moduli ya PHP ya NTS ndani ya Apache iliyowekwa MPM (moduli inayoamua jinsi Apache inavyogawa maombi) ya worker au event, ambazo hutumia thredi, Apache itakataa kuwaka na kukueleza kwamba PHP yako haikukompailiwa kwa ajili ya thredi. Watu hulalamikia ukali huo. Mimi ninauona kuwa fadhila, kwa sababu kuwaka na kuharibu data kimyakimya kungekuwa kubaya zaidi. TS inabaki ya lazima kwa moduli ya PHP iliyo ndani ya seva ya thredi, kwa kiendelezi cha parallel kinachoendesha msimbo wa PHP kwa thredi, na kwa seva kama FrankenPHP. Kwa wengine wote NTS inatosha.

SWALI: Tovuti yetu inaendeshwa na PHP ya TS ndani ya Apache ya Linux, kwa MPM ya worker. Viendelezi vyote vimepakiwa bila onyo lolote. Hata hivyo, mara mojamoja, hasa wageni wanapokuwa wengi, namba za desimali huchapishwa na mkato badala ya nukta, na ukurasa wenyewe hauna mstari wowote unaobadilisha mpangilio wa lugha. Tukiwasha seva upya, tatizo hutoweka kwa muda. Je, TS yetu ni mbovu? (Msimamizi wa seva)

JIBU: TS yenu si mbovu, imeahidi jambo dogo kuliko mlilolidhania. Herufi hizo mbili zinaahidi kwamba miundo ya ndani ya PHP yenyewe imetengwa kwa kila thredi. Haziahidi chochote kuhusu maktaba za C ambazo PHP na viendelezi vyake huziita, wala kuhusu mali za mchakato mzima ambazo mfumo endeshi haukuzigawa kwa thredi.

Mpangilio wa lugha na eneo ni mojawapo ya mali hizo. Fankisheni ya setlocale ya lugha ya C hubadilisha mpangilio wa mchakato wote. Ombi la mgeni mmoja likiita setlocale ili tarehe zitoke kwa Kijerumani, thredi za wageni wengine wote, ambazo hazina habari, zinaanza palepale kuandika 3,5 badala ya 3.5. PHP hurudisha mpangilio wa awali ombi hilo linapokwisha, na ndiyo maana kasoro hudumu kwa muda mfupi, haijirudii mnapoitafuta makusudi, na huongezeka wageni wanapokuwa wengi. Mwongozo rasmi wa PHP unaonya juu ya jambo hili kwa maneno ya wazi, lakini onyo limewekwa katika ukurasa wa setlocale, ambao mwathirika hana sababu ya kuufungua kwa kuwa yeye hakuiita. Kuwasha upya hakutibu kitu. Kunawapunguza tu wageni walio ndani kwa wakati huo.

Tafuteni setlocale katika msimbo wote unaoendeshwa na Apache hiyo, zikiwemo maktaba za watu wengine na tovuti jirani zilizo ndani ya seva ileile, si katika ukurasa wenye tatizo pekee. Tangu PHP 8.0, kugeuza namba ya desimali kuwa maandishi hakufuati tena mpangilio wa lugha, jambo lililoziba tundu kubwa. Lakini sprintf yenye alama %f bado inaufuata, na yenye %F haiufuati. Kubadilisha herufi moja ndogo kuwa kubwa kutawaokoa katika sehemu ambazo namba inapelekwa kwenye hifadhidata au kwenye programu nyingine. Kwa tarehe na namba zinazosomwa na watu, tumieni viumbizo vya kiendelezi cha intl, ambavyo hupokea lugha kama hoja na haviigusi hali ya mchakato.

Kuna nyingine za jamii hiyo. Fankisheni za C kama localtime na strtok huweka matokeo au kumbukumbu zao katika eneo moja la pamoja, kwa hiyo thredi ya pili huandika juu ya matokeo ambayo ya kwanza haijamaliza kuyasoma; ndiyo maana zipo localtime_r na strtok_r, ambazo mwitaji huzipa eneo lake mwenyewe. Vigeu vya mazingira vinavyobadilishwa kwa setenv ni hatari vilevile. Folda ya kazi nayo ni moja kwa mchakato wote: PHP ya TS huigiza folda tofauti kwa kila thredi, lakini kiendelezi kinachofungua mafaili kwa fankisheni za kawaida za C bila kupitia uigizaji huo kitajikuta katika folda nyingine kabisa. Hakuna hata moja kati ya hizi inayochunguzwa wakati wa kupakia. Ukaguzi wa TS na NTS hutazama iwapo umbo la faili linaingia katika umbo la intapreta, na tabia ya msimbo uliomo ndani hauigusi.

Shauri langu, ambalo wengine watalipinga: kama hakuna sababu mahususi inayowabakiza kwenye moduli ya TS ndani ya Apache, hamieni PHP-FPM. Apache inaweza kuendelea na thredi zake za worker au event, na PHP ikabaki katika michakato yake iliyotengana. Mtatumia kumbukumbu zaidi kidogo, na aina nzima ya kasoro kama hii itakuwa imetoweka.

SWALI: Nimesakinisha Python 3.14 ile isiyo na kufuli la jumla ili hesabu zangu zitumie kori zote za prosesa. Maktaba moja ninayoitegemea ilikataa kusakinika. Nyingine ilisakinika, lakini nilipoiita lilitokea onyo kwamba kufuli limewashwa tena, na kasi ikarudi kuwa ileile ya zamani. Nifanye nini, na je, ni salama kulizima onyo hilo kwa nguvu? (Mchambuzi wa data)

JIBU: Ndugu mchambuzi, umekutana na matatizo mawili tofauti siku moja, na ni vema yatenganishwe.

La kwanza ni la umbo, sawa na la mjenzi wa tovuti hapo juu. Katika Python ya kawaida kila kitu hubeba hesabu ya marejeo, yaani idadi ya sehemu zinazokishikilia, nayo ikifika sifuri kitu hufutwa. Hesabu hiyo iliweza kuwa namba ya kawaida kwa sababu kufuli la jumla, GIL, liliruhusu thredi moja tu kuendesha msimbo wa Python kwa wakati mmoja. Bila kufuli, thredi mbili zikipunguza namba hiyo pamoja, punguzo moja linaweza kupotea, au kitu kikafutwa kikiwa bado kinatumika. Pendekezo la PEP 703 la Sam Gross, lililokubaliwa mwezi Oktoba 2023, liligawa hesabu hiyo mara mbili: sehemu ya thredi inayokimiliki kitu, ambayo huongezwa bila gharama kubwa, na sehemu ya thredi nyingine zote, ambayo hulindwa. Likaongeza pia kufuli dogo ndani ya kila kitu. Matokeo ni kwamba kichwa cha kila kitu cha Python kina umbo jipya katika kumbukumbu, na kiendelezi kilichokompailiwa kwa umbo la zamani kingesoma mahali pasipo pake. Kwa hiyo mafaili ya ujenzi huu yana lebo yake, cp313t au cp314t yenye herufi t mwishoni. Hata viendelezi vya abi3, vilivyojengwa ili vidumu matoleo mengi ya Python bila kujengwa upya, haviingii katika 3.13 wala 3.14 ya aina hii. Maktaba yako ya kwanza haina faili la lebo hiyo. Subiri watunzaji wake walitoe, au ijenge mwenyewe kutoka katika msimbo kama unazo zana.

La pili ni la tabia, na hapa Python imefanya jambo ambalo PHP haikulifanya: imemlazimisha mwandishi wa kiendelezi kutamka. Moduli ya C huweka katika jedwali lake tamko la Py_mod_gil lenye thamani Py_MOD_GIL_NOT_USED, maana yake kwamba mwandishi anasema moduli inaweza kwenda bila kufuli. Isipotamka, Python huichukulia kuwa haiko tayari, hutoa onyo uliloliona, na huliwasha kufuli kwa ajili ya mchakato wote, si kwa moduli hiyo peke yake. Maktaba moja isiyo tayari inatosha kukurudisha ulikotoka, hata kama umeivuta bila kujua kupitia maktaba nyingine. Fankisheni ya sys._is_gil_enabled itakuambia hali ilivyo. Iite baada ya kuingiza moduli zako zote, maana kuiita mwanzoni mwa programu hakuthibitishi lolote.

Unaweza kulazimisha kufuli libaki limezimwa kwa kuweka PYTHON_GIL=0 katika mazingira au kwa -X gil=0. Kufanya hivyo kwenye mashine ya majaribio, ili kuona kitakachovunjika, ni jambo la busara. Kufanya hivyo kwenye kazi ambayo matokeo yake yatategemewa ni kucheza kamari, na sababu yake iko katika historia ya viendelezi hivi. Kwa zaidi ya miaka 30 waandishi wa C walipewa kufuli la bure. Mwenye hifadhi ndogo ya matokeo katika kigeu cha static (kinachodumu kati ya miito) hakuhitaji kuilinda. Mwenye kuhesabu kitu hakuhitaji hesabu isiyogawanyika. Kufuli la jumla lilifanya kazi ya kufuli lake bila yeye kuandika mstari hata mmoja. Ukiliondoa, hakuna mstari uliobadilika katika msimbo wake, na bado msimbo umeacha kuwa sahihi.

Mfano mzuri ni PyList_GetItem, fankisheni inayorudisha rejeo la kuazima: inakupa kitu kilichomo katika orodha bila kuongeza hesabu yake, kwa imani kwamba orodha itaendelea kukishika. Chini ya GIL imani hiyo ilikuwa na msingi kwa muda mfupi wa kutosha. Bila GIL, kati ya mstari unaoazima na mstari unaotumia, thredi nyingine inaweza kukiondoa kitu katika orodha, hesabu ikafika sifuri, na pointa yako ikabaki inaelekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kugawiwa kwa kazi nyingine. Ndiyo sababu Python 3.13 ilileta PyList_GetItemRef, ambayo huongeza hesabu kabla ya kukukabidhi. Kiendelezi kinaweza kuwa na mamia ya sehemu kama hizo, na kila moja inahitaji jicho la mtu.

Kumbuka pia kwamba tamko ni tamko tu. Python haina njia ya kulihakiki, na mwandishi mwenye haraka anaweza kuliweka ili onyo litoweke na watumiaji waache kulalamika. Kwa hiyo, kabla ya kuiamini maktaba, soma maelezo ya toleo lake uone kama watunzaji wanaeleza walichokibadilisha. NumPy, kwa mfano, ilipoanza kukubali Python 3.13 ya aina hii katika toleo lake la 2.1 mwaka 2024, iliuita ukubalifu huo wa awali. Ninaiamini zaidi maktaba inayosema hivyo kuliko inayojitangaza kuwa tayari kwa sentensi moja.

Kuhusu kasi, usitarajie faida kwa programu ya thredi moja. Katika 3.13 ujenzi huu ulipoteza takriban asilimia 40 kwa msimbo wa thredi moja katika vipimo vya pyperformance, hasa kwa sababu sehemu ya intapreta inayojirekebisha kwa kasi ilikuwa imezimwa. 3.14 iliirudisha, na hasara ikashuka hadi kati ya asilimia 5 na 10. Ni bora mno kuliko jaribio la Greg Stein la mwaka 1996, lililoondoa kufuli katika Python 1.4 na kuachwa kwa kuwa msimbo wa thredi moja ulipungua kasi kupita kiasi.

Na msimbo wako wa Python wenyewe nao ukague. Kuongeza moja kwa kigeu kinachotumiwa na thredi mbili hakujawahi kuwa tendo lisilogawanyika, hata chini ya GIL. Kufuli lilifanya ajali ziwe adimu, na sasa zitaacha kuwa adimu.

SWALI: Je, Ruby na Perl zina mambo haya? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Zinayo, kila moja kwa namna yake. Ruby ya kawaida ina kufuli la aina ya GIL tangu 1.9. Ruby 3.0 ya Desemba 2020 ilileta Ractor, vitengo vya utekelezaji ambavyo huweza kwenda sambamba kwa kweli, na kiendelezi cha C hutakiwa kutamka rb_ext_ractor_safe(true). Kisipotamka, fankisheni zake zikiitwa kutoka Ractor isiyo kuu hutupa kosa la Ractor::UnsafeError. Tamko linafanana na la Python, ila hapa intapreta huchagua kugoma badala ya kupunguza kasi ya wote, na nadhani Ruby imechagua vizuri zaidi. JRuby haina kufuli hilo kabisa kwa kuwa inatumia thredi za Java, lakini haipakii viendelezi vya C. Maktaba hulazimika kuwa na toleo la Java.

Perl iko karibu na PHP. Ujenzi wenye thredi na usio nazo haushirikiani viendelezi vya XS (vile vya C kwa ajili ya Perl), na amri ya perl -V:usethreads itakuonyesha ulio nao. Thredi zenyewe hunakili data yote ya intapreta kila inapozaliwa mpya, na mwongozo wake rasmi unashauri zisitumike. Kwa msimbo mpya ningeufuata ushauri huo.

SWALI: Ninaandika kiendelezi cha PHP kinachofunga maktaba ya C ya mtu mwingine, na nimepanga baadaye kuandika cha Python pia. Ninataka kiwe salama chini ya thredi. Nianzie wapi? (Mwandishi wa C)

JIBU: Anzia kwenye maktaba unayoifunga, kabla ya msimbo wako. Baadhi ya maktaba hubadilika kulingana na jinsi zilivyokompailiwa. SQLite, maktaba ya hifadhidata, hujengwa kwa SQLITE_THREADSAFE ikiwa 0, 1 au 2. Ikiwa 0 makufuli yote yameondolewa, na hakuna uangalifu wa upande wako utakaokuwezesha kuitumia kutoka thredi mbili kwa pamoja. Fankisheni ya sqlite3_threadsafe hukuwezesha kuuliza wakati wa kuendesha badala ya kudhani. OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, kabla ya toleo la 1.1.0 lililotoka mwaka 2016, ilimtaka mwitaji ailetee fankisheni za kufunga na kufungua makufuli, na programu nyingi hazikuleta. Maelezo ya maktaba yako yakinyamaza kuhusu thredi, ichukulie kuwa haiko salama na uilinde kwa kufuli moja kuzunguka kila mwito, hata kama itakugharimu kasi.

Kisha ondoa kila kigeu cha static kinachobadilika katika msimbo wako. Upande wa PHP, weka hali yako katika muundo unaotangazwa kwa ZEND_BEGIN_MODULE_GLOBALS na uufikie kwa makro yake, nao utageuka kuwa kigeu cha kawaida katika NTS na nakala ya kila thredi katika TS bila wewe kuandika mara mbili. Tofautisha hatua za uanzishaji: MINIT huendeshwa mara moja kwa mchakato, GINIT kwa kila thredi, RINIT kwa kila ombi. Kasoro ninayoiona mara nyingi zaidi katika viendelezi vya watu ni muunganisho unaofunguliwa katika MINIT, kisha ukatumiwa na thredi zote kana kwamba kila moja ina wake. Upande wa Python, tumia uanzishaji wa awamu nyingi na hali ya moduli inayopatikana kwa PyModule_GetState, na usiweke tamko la Py_mod_gil mpaka utakapokuwa umeyapitia marejeo yote ya kuazima.

Majaribio ya kawaida hayatakusaidia sana, kwa kuwa yanapita hata msimbo ukiwa mbovu. Jenga kiendelezi pamoja na intapreta yenyewe kwa ThreadSanitizer, iliyomo katika Clang na GCC, ambayo hutaja mahali thredi mbili zilipogusa kumbukumbu moja bila utaratibu hata kama mara hiyo hakukutokea madhara. Utalazimika kukompaili PHP ya TS kwa --enable-zts, na Python kwa --disable-gil, kila moja katika folda yake, pamoja na maktaba unayoifunga kama msimbo wake unapatikana, la sivyo chombo hicho hakitaona yanayotokea ndani yake.